Nyumba ya waziri ni ya nani? Jibu kwa mwalimu wa Makete

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Makete. Mkeka wa uteuzi ulipotoka, mbunge mmoja wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini alikuwamo, akawa waziri. Watu wanasema alishajenga nyumba Dodoma tangu akiwa mbunge wa kawaida, na sasa amehamia nyumba ya Serikali, ile yake kaipangisha. Kijiweni tumebishana mpaka tukanuniana. Wapo wanaosema ni stahili yake, wapo wanaosema ni ulaji tu. Mimi nimepanga chumba, maana shule yetu ina nyumba moja na anakaa mwalimu mkuu. Naomba unieleze: nyumba ya waziri ni ya nani, kwa nini tumlipie, na je, ni sawa akae kwa gharama zetu huku yake inamwingizia kodi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Huyo waziri wenu sitamgusa. Maneno ya kijiweni hayana hati wala namba ya kiwanja, na mtu asihukumiwe kwa "watu wanasema". Lakini maswali yako yanajibika bila kumtaja mtu, na mimi pia yananigusa. Kazi yangu ni uthamini wa majengo, na nyumba za Serikali za ukanda huu nimeingia nyingi, kuanzia za Uzunguni hapa Mbeya hadi za Gangilonga kule Iringa.

Kwa kifupi, nyumba ni mali ya umma na imewekwa kwa ajili ya cheo. Waziri kukaa humo ni halali. Katiba yetu, Ibara ya 56, inasema mawaziri na manaibu wao watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria, na makazi ni moja ya stahili zinazoambatana na cheo hicho. Kuwa na nyumba binafsi na kuipangisha nako siku hizi hakukatazwi, mradi aitaje kwenye tamko lake la rasilimali na madeni. Je, ni haki? Hapo mimi nasema hapana, na nitakueleza kwa nini. Ila kwanza tuwatendee haki wanaosema ni stahili, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko kijiwe kinavyodhani.

Waziri hateuliwi kwa barua ya miezi mitatu. Mkeka unatoka usiku, kesho au keshokutwa anaapishwa, na kuanzia hapo simu inaweza kulia saa nane za usiku na faili likaja nyumbani na dereva. Faili hilo pengine lina mkataba wa mabilioni au jina la mtu anayechunguzwa. Sasa fikiria limelazwa sebuleni kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba anaishi upande wa pili wa ukuta na ana ufunguo wa akiba. Ulinzi nao una hesabu yake. Askari wanaolinda nyumba kadhaa za mtaa mmoja ni wachache kuliko wanaolinda nyumba hizohizo zikiwa zimetawanyika mji mzima.

Hoja inayonishika zaidi ni ya mwenye nyumba. Waziri asipopewa nyumba na Serikali, atapewa na mtu mwingine. Mjini hawakosekani wafanyabiashara watakaomwambia, "Mheshimiwa, nyumba ipo, kodi tutaongea baadaye." Kodi hiyo huwa haiongelewi. Inakuja kudaiwa siku kibali cha kiwanja kinapohitaji sahihi. Kwa hiyo ninapoona waziri yuko kwenye nyumba ya umma, yenye mkataba na jina la umma kwenye hati, sioni anasa. Naona mlango mmoja wa rushwa uliofungwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vijijini tunapaswa kulitetea. Ibara ya 55 inataka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge, na wabunge wanatoka Ludewa, Kyela, Kilolo, Mbarali, kote. Mtoto wa mkulima wa pareto akichaguliwa na kuteuliwa, asishindwe kazi kwa sababu hana nyumba makao makuu. Bila nyumba ya cheo, uwaziri ungebaki kwa waliokwisha kuwa na nacho.

Lakini angalia hoja zote hizo zinasimama juu ya nguzo moja: kazi ndiyo inayoidai nyumba. Usharikani kwenu mnajua hili vizuri. Mchungaji akihamishwa anabeba vitabu na vyombo vyake, nyumba inabaki ya usharika inamsubiri anayekuja, na hakuna mwumini atakayekubali mchungaji aondoke na mabati. Nguzo hiyo ikishang'oka, ubishi wote wa nani anastahili nini hauna maana tena. Na hapa nchini ilitikiswa mara mbili, mara zote mbili kwa maamuzi yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Mara ya kwanza ilikuwa 1991. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Swali lako la tatu, Mwalimu, lingejibiwa kwa mstari mmoja tu mwaka ule. Waziri anakaa nyumba ya Serikali, basi, hana nyingine ya kupangisha, na kama anayo achague moja kati ya nyumba hiyo na cheo. Serikali iliendelea mbele zaidi mwaka 1971 ilipotunga sheria ya kutwaa majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani kubwa zikachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majengo, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za Msajili watu wazima wa mijini bado wanazikumbuka. Sina nia ya kuutetea utwaaji huo wote, uliumiza familia zilizojenga kwa jasho halali. Ninachosema ni kwamba masharti ya nyumba ya kiongozi na masharti ya nyumba ya kupangisha yalikuwa yameshonwa pamoja. Lilipokuja Azimio la Zanzibar mwaka 1991, masharti ya uongozi yakalegezwa, kiongozi akaruhusiwa kuwa na nyumba za kupangisha. Stahili ya kukaa nyumba ya umma ikabaki palepale. Upande mmoja wa mshono ulifumuliwa, wa pili ukaachwa, na mwanya unaouona wewe ulizaliwa hapo.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ilijaribu kuziba. Inamtaka kiongozi atoe tamko la rasilimali na madeni yake, na hulitoa kila mwisho wa mwaka, tarehe 31 Desemba ikiwa ukomo. Pia inamkataza kutumia mali ya umma kujipatia manufaa ya kiuchumi. Ukiisoma kwa makini unaweza kujenga hoja kwamba anayekaa bure kwenye nyumba ya umma ili ya kwake ilete kodi ananufaika kupitia mali ya umma. Mimi naiona hoja hiyo ina nguvu. Ila sheria haikulisema jambo hilo waziwazi, na kwenye mambo ya fedha lisilosemwa waziwazi huwa halitekelezwi.

Mara ya pili ilikuwa 2002. Serikali ya Awamu ya Tatu ilianza kuuza nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo, mawaziri wakiwamo. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mtumishi apate makazi yake na Serikali ipunguze mzigo wa ukarabati. Mwaka huohuo ukaanzishwa Wakala wa Majengo, TBA, chini ya wizara ya ujenzi, kusimamia nyumba zilizobaki na kujenga mpya. Zikauzwa nyumba kwa maelfu, siyo za Oysterbay na Masaki peke yake, mikoani pia. Bunge lililofuata lilikuja kulijadili jambo hilo kwa uchungu, na hadi leo ukilitaja mbele ya mtumishi mstaafu utaona uso unabadilika.

Kama mthamini, kinachoniuma zaidi pale ni ardhi. Nyumba za zamani za Serikali ziko mahali ambapo leo huwezi kupata tena kiwanja. Hapa Mbeya, mji uliokua kwa dhahabu ya Lupa, wakoloni walijichagulia sehemu iliyo juu kidogo, yenye miti na maji, karibu na ofisi. Iringa vivyo hivyo, Gangilonga ina viwanja vipana ambavyo ukivikata kwa vipimo vya sasa unapata vitatu au vinne kwa kila kimoja. Ukiuza nyumba ya aina hiyo unauza kuta kuukuu na bati lenye kutu, ndivyo inavyoonekana kwenye karatasi. Kumbe umeuza eneo ambalo cheo kijacho kitalihitaji, na mwenye cheo kijacho utamtafutia nyumba pembeni ya mji kwa bei ya soko.

Hebu tupige hesabu, na hizi ni namba za mfano tu, usizichukue kama bei ya Serikali. Tuseme nyumba ya hadhi ya waziri inakodiwa kwa shilingi milioni 2 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 24, kwa miaka 20 ni milioni 480, na mwisho wake Serikali haina hata tofali. Tuseme tena nyumba hiyohiyo ingejengwa kwa milioni 200 kwenye kiwanja cha Serikali, ikatengewa asilimia 2 ya gharama hiyo kila mwaka kwa ukarabati. Hiyo ni milioni 4 kwa mwaka, milioni 80 kwa miaka 20. Jumla milioni 280, nyumba ipo, kiwanja kipo, na kwa kawaida ya miji yetu kiwanja kimepanda thamani mara kadhaa. Mlipakodi anayechukia nyumba za mawaziri kiasi cha kutaka ziuzwe zote anajiongezea mzigo bila kujua.

Sharti la hesabu hiyo ni ile milioni 4 ya ukarabati itolewe kweli. Hapa ndipo ningependa uione nyumba moja nami. Ni ya zamani, kuta nene, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, sebuleni kuna meko ya ukutani na bomba la moshi kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Mvua za Mbeya zinaanza Novemba na hazitulii hadi Aprili au Mei. Gata limeziba majani, maji yanarudi kwenye ubao wa ukingo wa paa, ule mafundi wanaouita fishabodi, ubao unaoza, misumari inalegea, dari la chumba cha watoto linapata doa la rangi ya chai. Kusafisha gata ni kazi ya kibarua mmoja kwa asubuhi moja. Hakuna aliyemtuma, kwa sababu aliyekuwa anakaa alitenguliwa, anayekuja hajateuliwa, na nyumba tupu haina wa kuisemea. Miaka michache baadaye inaandikwa kwamba nyumba imechakaa, ukarabati wake ni ghali kuliko thamani yake, pendekezo iuzwe. Na mbao bora za kubadili ubao ule, za msitu wa Sao Hill, ziko Mafinga, ukanda huuhuu.

Na ukitaka kujua kama nyumba ya umma inatunzwa, usiangalie rangi ya ukuta. Omba kuona hati ya makabidhiano. Ni karatasi ambayo anayehama na anayehamia wanatakiwa kutia sahihi mbele ya mwakilishi wa mwenye nyumba. Ikiwa imejazwa vizuri inasema hivi: sebule, madirisha manne, vioo vyote vizima, mapazia jozi nne, jikoni, sinki moja, jiko la umeme moja, plagi mbili zinafanya kazi, funguo za mlango wa mbele mbili, wa nyuma moja, usomaji wa mita ya maji, namba kadhaa, deni la maji, hakuna. Ikiwa haikujazwa vizuri inasema "nyumba imekabidhiwa ikiwa katika hali nzuri", sahihi mbili, mwisho. Nimewahi kuingia kwenye nyumba ya mtindo huo wa pili. Bafuni hita ya maji ilikuwa imeng'olewa, ukutani zimebaki skrubu mbili na mabomba yamezibwa kwa plastiki. Hakuna wa kuulizwa, kwa sababu karatasi haikuwahi kusema kwamba hita ilikuwapo.

Sasa turudi kwenye mwanya. Wenzetu wa nje nao walikumbana nao, na kisa kimoja kinafanana na swali lako kama vile kimeandikwa kwa ajili yako. Ufaransa, Hervé Gaymard aliteuliwa kuwa waziri wa fedha mwishoni mwa Novemba 2004. Februari 2005 magazeti yakafichua kwamba Serikali inamlipia nyumba ya ghorofa mbili Paris, mita za mraba 600, kodi euro 14,000 kwa mwezi. Alikuwa na watoto wanane, na watu wengi wangeweza kumwelewa. Kilichommaliza ni kujulikana kwamba ana nyumba yake mwenyewe katika jiji hilohilo la Paris, na ameipangisha. Tarehe 25 Februari 2005 akajiuzulu, miezi mitatu haijatimia. Wakati waziri huyu ndiye anayewahimiza wananchi wabane matumizi, kodi inaingia mfukoni mwake na nyingine inatoka hazina kwa ajili yake.

Kilichonivutia zaidi ni kilichofanyika kabla vumbi halijatulia. Waziri Mkuu Raffarin aliweka kanuni inayohesabika: waziri atalipiwa hadi mita za mraba 80, na 20 za nyongeza kwa kila mtoto anayemtegemea, zinazozidi hapo ajilipie. Kwa familia ya watoto wanane hiyo ni 80 na 160, jumla 240. Alikuwa na 600. Kanuni ya namna hiyo haihitaji kijiwe, inahitaji futi kamba.

Afrika Kusini mawaziri wana nyumba Pretoria zilipo ofisi na nyumba Cape Town lilipo Bunge. Nasi tulipitia hali hiyo kwa miaka mingi, ofisi Dar es Salaam, Bunge Dodoma, ingawa uamuzi wa kuhamia Dodoma ulikuwa wa tangu 1973. Kwao ubishi mkubwa umekuwa kwenye mambo yanayozunguka nyumba. Mwaka 2022 mwongozo wao ulibadilishwa, ule ukomo wa randi 5,000 kwa mwezi kwa umeme na maji ya waziri ukaondolewa, na wakati huo wananchi wanakatiwa umeme saa kadhaa kila siku. Wananchi walipandwa na hasira, na Oktoba mwaka huohuo Rais Ramaphosa akayafuta mabadiliko hayo. Kwetu umeme ni wa Luku, kwa hiyo swali liko wazi kabisa: tokeni ananunua nani, na kuna ukomo gani?

Na usisahau nyumba binafsi ya kijijini, kwa sababu huko ndiko macho yetu huwa hayafiki. Nkandla, nyumbani kwa Jacob Zuma alipokuwa Rais wa Afrika Kusini, kulifanyika kazi iliyoitwa ya usalama, na ripoti ya Mlinzi wa Umma, yaani mchunguzi wa matumizi mabaya ya madaraka, Thuli Madonsela, ya Machi 2014 ikataja gharama ya randi milioni 246. Ndani yake yalikuwamo zizi la ng'ombe, banda la kuku, bwawa la kuogelea, ukumbi wa wazi na jengo la wageni. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2016 kwamba Zuma alipe sehemu isiyohusu usalama, akalipa randi milioni 7.8. Waziri wa kutoka huku kwetu naye ana kwake jimboni. Akiongezewa taa na uzio kwa ajili ya ulinzi, ni sawa. Akichimbiwa kisima na kujengewa banda kwa fedha za halmashauri, hapo uliza.

Kwa hiyo kanuni ninayoitaka mimi ni fupi. Mwenye nyumba yake inayofaa katika mji uleule wa kazi achague. Akae kwake, na Serikali imwekee ulinzi na mahali salama pa nyaraka. Au ahamie nyumba ya cheo na kodi anayopata kwenye yake ihesabiwe, alipie nyumba ya umma kwa kiwango cha soko hadi kufikia kodi hiyo. Hatadhurika kwa lolote, maana atabaki alivyokuwa kabla ya uteuzi. Asiye na nyumba apewe bila masimango. Kila anayetenguliwa aondoke kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba wake na hati ya makabidhiano iliyojazwa kipengele kwa kipengele.

Nikuongezee jambo ambalo kijiwe chenu pengine hakijaligusa. Mawaziri ni wachache. Mzigo mkubwa wa nyumba za vyeo uko mikoani na wilayani. Tanzania Bara ina mikoa 26, wilaya 139 na halmashauri 184. Mkuu wa mkoa mmoja, mkuu wa wilaya mmoja na mkurugenzi mmoja kwa kila eneo, tayari ni nyumba 349, hujawagusa makatibu tawala wala majaji. Mkoa wako wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kila mkoa mpya unaanza na ofisi na nyumba za viongozi. Tunaposhangilia kupewa mkoa au wilaya, tunashangilia pia orodha ya nyumba zitakazojengwa na kutunzwa milele. Sisemi ilikuwa makosa, mwananchi wa Vwawa hafuati tena huduma za mkoa Mbeya mjini. Nasema gharama hiyo haisomwi kwa sauti siku ya sherehe.

Na wewe mwenyewe, Mwalimu? Umelitaja jambo lako kwa haya, mwishoni, kana kwamba halihusiani. Linahusiana kuliko yote. Kigezo kinachompa waziri nyumba ni kwamba kazi inadai awepo mahali fulani na soko haliaminiki kumpatia makazi. Kipime kigezo hichohicho kwenye shule ya Makete. Dodoma nyumba za kupanga ziko nyingi. Kwenye kijiji chenye shule moja, chumba cha kupanga kinaweza kuwa kimoja, mwenye nacho akikasirika umekosa pa kulala, na nyumba inayofuata iko mlima wa pili. Mwalimu wa kike anayetembea na ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu hakuna nyumba karibu na shule ana dai la nguvu kuliko naibu waziri yeyote, kwa kigezo kilekile kinachotumiwa kumtetea naibu waziri. Daktari wa zahanati na mkunga wake wako hapohapo. Anayesema nyumba ya waziri ni kitendea kazi, namuunga mkono kwa moyo wote, kisha namuuliza kwa nini maboma ya nyumba za walimu yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi kwenye linta yanasubiri bati mwaka hadi mwaka.

Unachoweza kufanya ni zaidi ya kubishana. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kwenye taasisi ya umma, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Usiulize waziri fulani anakaa nyumba namba ngapi. Utanyimwa kwa sababu za usalama na faragha, na watakuwa sahihi. Mwandikie meneja wa TBA wa mkoa wako uulize Serikali ina nyumba ngapi mkoani, ngapi zina watu, ngapi ziko tupu na tangu lini, ni kiasi gani kilitengwa kwa ukarabati mwaka wa fedha uliopita na kiasi gani kilitumika, na wapangaji wa vyeo wanadaiwa kodi kiasi gani kwa jumla. Mwandikie pia mkurugenzi wa halmashauri yako uulize maboma ya nyumba za walimu ni mangapi na ratiba ya kuyamalizia. Ukipata majibu yote mawili yaweke karatasi moja, umpe diwani kabla ya kikao cha bajeti. Nakala nyingine mpe mbunge, kwa sababu hotuba ya bajeti ya wizara ya ujenzi husomwa bungeni kati ya Aprili na Juni na hapo ndipo swali linapata majibu yanayoandikwa.

Kama una ushahidi, siyo uvumi, kwamba kiongozi anajinufaisha kwa mali ya umma, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ina ofisi ya kanda yetu hapa Mbeya. Peleka malalamiko yenye tarehe na vielelezo.

Zile barua za kuomba taarifa ziandike kwa jina lako na anwani yako ya nyumbani, usitumie karatasi wala muhuri wa shule, kwa maana unaomba kama raia. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa. Peleka nakala mbili, moja iache masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo, maana siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.